Gunzi ndani ya gari la Surinder

Daud, leo nimejiaibisha. Usimwambie mtu.

Ile gari ya michezo ya marehemu babake Surinder, ya viti viwili, ndiyo ilikuwa impeleke Tarun, kijana wa Surinder, kwa harusi yake Bungoma. Mimi ndiye nilibadilisha mipira inayopeleka oil kwa rejeta yake ndogo ya kupoza oil.

Unajua ukitoa mpira wa zamani oil inamwagika. Kwa trekta sisi huziba na gunzi la mahindi. Nikaziba.

Gunzi moja likabaki ndani. Gunzi, Daud! Nikafunga mpira mpya juu yake, nikakaza vizuri kabisa.

Asubuhi hii ukoo wote umesimama langoni na maua. Surinder anawasha. Mshale wa presha ya oil umelala.

"Fundi, mbona haupandi?"

Na mimi, mbele ya watu wote: "Mzee, hiyo geji imezeeka. Usiiamini. Endesha tu."

Usiiamini! Ati mimi ndiye wa kuaminiwa.

Akazima mwenyewe. Angenisikiza, injini ya babake ingekufa hapo hapo. Nikafungua mpira, gunzi likatoka likichuruzika oil. Akaliinua juu kila mtu alione.

"Fundi, hii pia ni spea?"

Tumewasha tena, mshale umepanda. Lakini mzee amekataa kuendesha bila mimi kando yake, na viti ni viwili tu.

Kwa hivyo bwana harusi yuko nyuma yetu kwa gari ya Probox. Mimi nimekalia kiti chake na ovaroli chafu, na hapa njiani Kiminini akina mama wananipigia vigelegele.