Kisanduku cha Mayala

Sikonge, Jumapili

Kaka Anselm,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tabora, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Baba mguu unamsumbua kama kila masika, lakini kanisani anakwenda kwa fimbo yake na hataki kushikwa mkono. Utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu uliyemfundisha mwenyewe kuangalia mtandao. Nimempa Omari wa lori la asali akuletee mkononi. Simu ungeikata. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa hasira.

Mtandao wako bado unasifiwa. Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la dawa hapa zahanati, nawasha kompyuta na kuzitazama nyumba zetu kwenye kioo: duara la kijani, nyumba inasikika, la njano, inasikika kwa shida, jekundu, imepotea. Mnara wa simu haufiki ng'ambo ya mbuga, kwa hiyo watu wa kule wanategemea visanduku ulivyofunga juu ya mapaa, kila kimoja kikipokea ujumbe wa jirani na kuusukuma mbele. Kutoka kwa Baba ujumbe unaruka mbuga hadi kwa Mayala, na kutoka kwa Mayala unafika kwa mdogo wetu Koleta na wengine walio nyuma yake. Siku ile ya kufunga ulituambia kwamba nyumba moja ikizimika, ujumbe utajitafutia njia kwa nyumba nyingine. Watu walikupigia makofi.

Njia nyingine ng'ambo ile ilikuwa kwa mzee Lugembe peke yake. Mwezi wa kumi na mbili nyuki waliingia kwenye kisanduku chake. Mtu mwingine angewafukiza moshi, lakini Lugembe alichomoa waya, akisema umeme utawasumbua, na kwamba nyuki waliochagua nyumba yake wenyewe hawezi kuwafukuza kabla hajarina asali. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamletea hata padri. Padri aliondoka ameahidiwa chupa ya asali. Nilikuandikia habari hiyo yote, kwamba sasa ng'ambo nzima inamtegemea Mayala. Ulinijibu kwa kidole gumba.

Halafu ng'ombe wa Mayala wakaingia kwenye tumbaku yako. Siwatetei ng'ombe. Lakini Mayala alikuja kwa Baba mwenyewe, akavua kofia, akaomba radhi na kujitolea kukulimia shamba upya kwa plau yake. Baba alikubali, na wazee wa kitongoji wakakubali. Wewe ukapiga simu kusema kwamba Msukuma yule hajakujua bado, na kwamba utamwonyesha nani mwenye mji. Nilicheka, Kaka. Nilidhani ni maneno tu ya mtu aliye mbali na shamba lake.

Alhamisi Koleta alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na mbuga imejaa maji. Mumewe, shemeji Ezekia, alituma ujumbe tuwapelekee mtumbwi wa zahanati, ambao unalala upande wetu. Ujumbe haukutoka. Alituma tena na tena, akapanda juu ya kichuguu na simu mkononi, mwisho akakimbia kwa Mayala na kukuta kwamba huko nako hakuna mtandao. Mimi huku niliona duara la Mayala limekuwa jekundu, na yote yaliyo nyuma yake, nikasema ni mawingu, betri hazijashiba jua. Nikaendelea kugawa dawa.

Mayala hakungoja. Aliwafunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni, hao hao waliokula tumbaku yako, akamlaza Koleta juu ya magunia na kuingia majini. Katikati ya mbuga magurudumu yalikwama, akashuka na Ezekia wakasukuma, maji yakiwafika kifuani. Walipotokea upande wetu jua lilikuwa limeshageuka. Muuguzi Imakulata alijitahidi. Koleta yuko hai. Mtoto, wa kiume, alilia kidogo tu, na kabla ya jioni alitutoka. Imakulata anasema wangefikishwa asubuhi angepona.

Sasa sikia wanavyosema watu. Wanasema Mayala alizima kisanduku chake makusudi kwa chuki ya ile kesi ya tumbaku, na kwamba mkokoteni ni dhamira tu iliyomsuta. Jumamosi kitongoji kinakutana kumtaka ahame, na ameshaanza kung'oa miti ya zizi. Nilipokwenda kwake alinisalimu mwangaluka kama kawaida, akaniwekea kigoda, akaniuliza kama Koleta anakula. Hakujitetea, isipokuwa kusema kwamba hajawahi kukigusa kisanduku kile.

Ni kweli hajakigusa. Nilipanda ngazi mwenyewe. Taa zinawaka, betri imejaa, nacho kinaiita nyumba ya Baba kama ulivyokifundisha. Kinaita na hakijibiwi, kwa sababu kisanduku cha Baba kimeamriwa kikikatae. Amri hiyo haitolewi na mvua wala na ng'ombe. Hutolewa na mwenye nywila, na wenye nywila tuko wawili, Kaka, mimi na wewe. Mimi sikuitoa.

Ulitaka kumkomoa Mayala. Hukutaka kumdhuru Koleta, najua, huna haja ya kuniapia. Lakini ulijua nani yuko nyuma ya Mayala, na ulijua kwamba kwa Lugembe hakupitiki. Nina hasira nawe mpaka mwandiko umeniharibikia. Nimekiruhusu tena kisanduku cha Mayala, na nywila nimeibadilisha, usijaribu kuingia. Baba nimemwambia. Ameniomba nikupe nafasi ya kusema kwa kinywa chako. Basi njoo Jumamosi. Usipokuja nitasimama mimi, na nitalitaja jina lako mbele ya Mayala na watu wote.

Baba anakusalimu. Koleta naye anakusalimu sana. Yeye bado hajui. Anaomba ukija uvikague visanduku vya ng'ambo, yasije yakampata mama mwingine. Na kabla hujaonana naye, ujue jambo hili. Imakulata alipoona mtoto anazidiwa alichukua maji ambatize, akamuuliza Koleta jina, na Koleta akalitaja papo hapo. Tulimzika Ijumaa nyuma ya nyumba ya Baba. Msalaba ameuchonga Baba mwenyewe, na umeandikwa Anselm.

Wasalimie wifi na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensia