Bwawa Lililofukiwa Kiminini

Mjukuu wangu Nekesa,

Tunakusalimu kutoka Kiminini. Babu yako amepona kikohozi, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Unauliza kama ni kweli nilimkatiza mwenye maduka mapya mbele ya baraza. Ni kweli, na bado nina hasira.

Siku ya harusi yangu mvua kubwa ilinyesha, maji yakashuka kwa kasi kuelekea kwa wageni wetu. Nikaanza kulia. Mama mkwe akanionyesha upande wa juu wa soko. Maji yalikuwa yanaingia kwenye bwawa walilochimba wanakijiji, yanatulia humo. Wageni wakala bila kulowa.

Mwaka huu huyo bwana mwenye maduka amelifukia bwawa, akajenga maduka juu yake. Mvua ya kwanza ikaingia kwa jirani yangu Nafula, ikabeba kuku wake wote. Kwenye baraza bwana akasema, "Hayo ni mapenzi ya Mungu."

Nikasimama. "Usimsingizie Mungu. Tingatinga lilikuwa lako."

Wazee wakaniambia niketi. Nafula akasimama kando yangu, kisha wanawake wengine, na hakuna aliyeketi mpaka bwana akakubali kuchimba bwawa lingine.

Analichimba sasa. Mimi huenda kila asubuhi kumwangalia.

Nyanya yako anayekupenda.