Ratiba Iko Kwenye Simu ya Mwenzangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla ya msaada napenda kuutangazia umma, kwa heshima na taadhima, kwamba simu yangu imetimiza miaka tisa. Ni ile ndogo ya kubonyeza yenye tochi kichwani, kifuniko chake cha nyuma nimekifunga kwa mpira wa nywele, namba tano imefutika kabisa naijua kwa kupapasa, na katika miaka hiyo imeanguka kwenye beseni la sabuni mara mbili, ikazungushwa kwenye mashine ya kufulia mara moja ikiwa ndani ya mfuko wa aproni, nikaianika juani kama soksi na kesho yake ikaita. Naichaji Jumamosi inafika Alhamisi. Wenzangu kazini wana simu za kupangusa, na ikifika saa nne asubuhi utawakuta wanagombea soketi moja ya ukutani ambayo kwa haki ni ya pasi, vioo vyao vimepasuka kama sahani za msibani, nami nilikuwa nasimama nawaambia, "Jamani, simu ni ya kuongea, hayo mengine ni maradhi." Nilikuwa nalisema hilo kwa raha sana, mshauri, na ndilo lililonifikisha hapa.

Mimi ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka wa kumi na tisa huu, mashuka, mapazia, magauni ya wanaofanya upasuaji, vyote vinapita mkononi mwangu. Zamani ratiba ya zamu ilikuwa karatasi iliyobanwa ubaoni karibu na mlango, unaingia, unateremsha kidole mpaka kwenye jina lako, unaijua wiki yako, basi. Mwaka jana karatasi ikatoweka, msimamizi wetu akasema kuanzia sasa ratiba inapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la wasap, asiyekuwemo ajipange mwenyewe. Simu yangu haijui wasap wala picha, ukiitumia picha ni sawa na kuitumia jiwe. Ndipo mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Kicheko kwa sababu hucheka hata akileta habari za msiba, akanishika bega akasema, "Dada, usijipe presha. Mimi nitakuwa nakutumia meseji kila jioni, kesho uko zamu gani. Sisi si ndugu?" Nilimshukuru mpaka nikawa nampigia pasi sare za shule za watoto wake, kila wiki, bila kuombwa mara ya pili.

Zamu zetu ni mbili, ya alfajiri na ya mchana, ila Jumapili anawekwa mpiga pasi mmoja tu kati yetu wawili, yeye na mlima wa mashuka ya siku mbili, na hakuna anayeipenda, kwa hiyo inatakiwa izunguke. Kwangu haikuzunguka, iliegeshwa. Meseji zilikuwa zinakuja, "Dada pole, Jpili ni ww tena, hawa watu hawana huruma ha ha ha," nami nalaani uongozi, naamka, nakwenda. Hadi Jumapili moja ya mwezi uliopita akaingia mzee anayesukuma toroli la nguo kutoka wodini, akanitazama kama ameona mtu aliyezikwa.

"Mama, kuna nini leo?"

"Kuna mashuka, mzee. Kwani wewe umeleta pilau?"

"Wewe si uko mapumziko? Mbona na Jumapili za mwenzako nakukuta, unakuja kuzisalimia pasi?"

Akatoa simu yake akaniwekea mbele ya macho. Mbele ya jina langu pameandikwa mapumziko. Mbele ya jina la Kicheko, zamu. Chini ya picha Kicheko kaandika, "Msimamizi, leo mwenzangu atanishikia zamu, tumeelewana," na kikatuni kinacheka. Mzee akapandisha juu, Jumapili nyingine ya Kicheko, na nyingine, na nyingine, maneno ni yaleyale, vikatuni tu ndivyo vinabadilika. Nilikaa juu ya furushi la mapazia. Yule mzee akasema, kwa aibu, "Mama, mimi nilidhani mmepatana. Nikasema huyu mama ana roho nzuri."

Na hilo ni nusu tu. Mara mbili mwaka huu msimamizi alibadilisha ratiba jioni, akanitoa mchana akaniweka alfajiri, na Kicheko hakuniambia kitu, nikafika saa sita na kopo langu la chakula nikakuta barua ya onyo imeshachapwa. Nikamwambia msimamizi, mimi sikuiona hiyo ratiba. Akasema, "Imetumwa saa kumi na mbili jioni. Watu kumi na mmoja wameiona." Nikasema, mimi simo kwenye kundi. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwa nini humo?" Na mimi, mshauri, Mungu anisamehe, nikainua kidevu nikamjibu, "Simu ni ya kuongea." Wiki iliyopita imetokea mara ya tatu. Nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu Jumatatu ya wiki mbili zijazo, na hapa kwetu barua ya tatu husomewa ukiwa umeshika mfuko wako wa kuondokea.

Nilimfuata Kicheko pale mezani kwake. Nikamwambia, mdogo wangu, nimeiona ratiba. Unajua alifanya nini? Alicheka. Akasema, "Dada, mwaka mzima nimekuwa posta yako, hata stempu hujaninunulia, leo unanikagua?" Nikamwambia, umekula Jumapili zangu zote. Akasema, "Mimi nina watoto watatu na mume anayetaka kuniona. Wewe nyumbani unakaa peke yako. Jumapili ungeifanyia nini, uipige pasi?" Wale wengine waliokuwa kwenye soketi wakainamia simu zao kama vile zimeita zote kwa pamoja. Nikarudi mezani kwangu. Nikaunguza shuka, la kwanza katika miaka kumi na tisa. Unakaa peke yako. Kama vile kukaa peke yangu ni ghala la kuwekea zamu za watu.

Najua utasema ninunue simu ya kupangusa kama watu. Hapo ndipo nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi nilikwenda kununua. Mwaka jana, wiki ileile karatasi ilipotoweka, niliingia duka la simu, muuzaji akanipa moja nijaribu, nikagusa kioo, kimya, nikagusa tena, kimya. Akasema, "Mama, taratibu." Nikagusa taratibu. Akasema, "Bonyeza kidogo." Nikabonyeza. Akachukua kitambaa akanifuta kidole kama mtoto aliyekula embe, nyuma yangu watu wamepanga mstari, akajaribu kidole changu cha pili, cha tatu, mwishowe akaita wenzake, "Hebu njooni muone, huyu mama vidole vyake vimekufa!" Wakacheka wote, na mimi nikacheka, kwa sababu ningefanya nini. Ni pasi, mshauri, miaka yote hii naupima moto kwa ncha za vidole, ngozi imekuwa kama ya kisigino, hata chai ya moto siisikii. Nikatoka pale na simu yangu ya zamani, na kesho yake kazini ndipo nilipoanza kusema simu ni ya kuongea.

Meseji za Kicheko ninazo bado, ingawa simu inabeba mia moja tu, zikijaa ndipo nafuta za zamani, na juzi kwa hasira nilikaa kuzifuta zake zote nisiyaone tena hayo ha ha ha yake, nimefika za mwezi wa nne nikachoka nikakuandikia wewe. Sasa niambie, nimnyamazie Kicheko aendelee kunisomea, maana bila yeye hata zamu ya kesho siijui? Nijilazimishe kununua kitu ambacho kinakataa mikono yangu? Au niandike barua ya kuacha kazi kabla hawajaniandikia wao? Nisaidie kabla ya hiyo Jumatatu.

Ni mimi, mpiga pasi wa meza ya kwanza.

*

Dada wa meza ya kwanza,

Weka hiyo simu chini. Usifute meseji nyingine hata moja, hata ile inayokuambia umeshinda gari. Mwanamke mzima unaitwa mbele ya kamati, na kabla hujaenda unakaa kitandani kuchoma ushahidi wako mwenyewe kwa kidole gumba! Hicho kidole gumba nacho kingekuwa kimekufa ingekuwa afadhali.

Nisikilize. Kwenye zile simu kubwa, mtu akikuandikia uongo anaweza kuurudia akaufuta, ukaamka ukakuta pamebaki mstari tu kwamba hapa palikuwa na maneno. Kwenye simu yako hawezi. Alichokuandikia Kicheko kiko humo, na tarehe yake, na saa yake, na hizo ha ha ha zake, na mpaka simu yako izikwe hana mkono wa kukifikia. Tafuta daftari. Nakili kila meseji iliyobaki kama ilivyo, neno kwa neno, usimsahihishie maandishi. Halafu leo, si kesho, mfuate mzee wa toroli, umwombe zile picha za ratiba na yale maneno ya "tumeelewana" akazichapishe kwenye karatasi kabla watu hawajaanza kufuta. Mzee huyo anakuheshimu, alidhani una roho nzuri. Huku ratiba, huku meseji, tarehe kwa tarehe. Utaiweka mezani mbele ya kamati na utanyamaza. Usihutubu. Umeshahutubu vya kutosha.

Nikugombeze kidogo, maana pole peke yake haitakusaidia. Msimamizi alikuuliza swali jema kuliko yote aliyowahi kukuuliza, kwa nini humo, na wewe ukampa falsafa. Ungemwonyesha mikono. Ungesema, vidole hivi vimekufa kwa pasi zenu. Hayo ni madhara ya kazi, dada yangu, na madhara ya kazi yana fomu ya kujaza. Falsafa haina fomu. Tena unafanya kazi hospitalini! Panda ngazi, mtafute daktari, mwambie akitazame hicho kidole kilichomnyooshea gauni lake asubuhi ya leo, aandike anachokiona, atie sahihi. Karatasi hiyo nayo iende kwa kamati.

Kuhusu simu, umeniuliza kama vile nauza. Simu yako haina dhambi. Inaita, inamulika, inakaa siku tano bila kuomba chakula, na ikianguka huinami na moyo mkononi. Lakini haipokei picha, na huko kazini kwenu picha imekuwa sheria. Basi ukalazimika kuazima macho ya mwenzako, na ukaazima ya mtu anayeitaka Jumapili yako, halafu ukamlipa kwa kumpigia pasi sare. Ungeweza hata siku moja kumwomba mtu mwingine akusomee, ukalinganisha. Hukufanya hivyo kwa sababu ungemwomba yuleyule uliyekuwa unamsimanga pale kwenye soketi. Umelipa mwaka mzima ili usiombe mara moja.

Kama siku moja utaitaka simu ya kupangusa, zipo kalamu ndogo zenye ncha laini za kugusia kioo, zinauzwa kwenye maduka hayohayo, na yule muuzaji aliyewaita wenzake waje kucheka alikuwa nazo nyuma yake ukutani. Alikuwa na kazi ya kukuuzia, akachagua kuchekesha. Usirudi kwake.

Kicheko usimgombeze tena, wala usimnyamazie. Usimwandikie, usimtishe, usimwambie una daftari. Sare za watoto wake zirudi kwake leo zikiwa na makunyanzi. Najua neno lake la kwamba unakaa peke yako limekuchoma kuliko Jumapili zote, umeliandika mara mbili kwenye barua. Alilisema kwa sababu hakuwa na jibu jingine. Jumapili yako ni yako hata ukiamua kuilala yote kwa kugeuka ubavu mmoja, na hakuna mahali katika mkataba wako palipoandikwa kwamba mwenye watu wengi nyumbani ana siku nyingi kuliko mwenzake.

Barua ya kuacha kazi usiandike. Watu wanaoandika barua hiyo kwa aibu huwa wanampa nafasi yao yule aliyewatia aibu. Ukiisha kusikilizwa, na hata usiposikilizwa, andika barua nyingine, fupi, kwa msimamizi, nakala kwa mkubwa wake: ratiba ya zamu irudi ukutani, kwenye karatasi, kwa sababu si kila mfanyakazi ana simu inayopokea picha, na aliyekuajiri hakukuajiri wewe na simu. Hilo ni ombi dogo mno, na nilijiuliza kwa nini mtu alihitaji kuliondoa jambo dogo hivyo, ni sera ya uongozi, ni maagizo kutoka juu, ni maendeleo, au ni njama za kukutoa kazini.

Kwa hiyo nilipiga simu. Umetumia bahasha ya kazini, namba ya ofisi ya kufulia imepigwa mhuri nyuma yake. Sikukutaja. Nilijifanya muuza vifaa vya ofisi, nikamwuliza msimamizi wenu kama angependa ubao wa matangazo. Akanijibu vizuri tu, mama wa watu, akasema ubao wanao, hauna ubaya wowote, ila umekaa bure tangu mwaka jana. Nikamwuliza kwa nini.

Pini ziliisha.