Barua pepe ya Gwakisa iliyorudishwa

Loyce shoga, acha kila kitu unisome. Gwakisa wetu kajimaliza!

Asubuhi kamwandikia Lucian wa Newala kuhusu kikao cha juzi kule Chiungutwa: "Mzee Salmini anaongea mpaka wakulima wanasinzia wamesimama." Halafu kaituma kwa nani? Kwa Mzee Salmini mwenyewe. Kwa bosi!

Kaja kugundua imeshaenda. Akabonyeza pale pa kuirudisha, kompyuta ikajibu ombi limepokelewa. Basi akaona yameisha, akatununulia soda ofisi nzima. Soda, Loyce!

Si unamjua Mama Hajira wa masjala? Mzee hasomi kwenye kioo, kwa hiyo kila barua pepe yake Mama Hajira anaifungua, anaichapa, anaigonga muhuri, anaitia kwenye jalada. Hiyo alishaichapa. Na ile taarifa kwamba Gwakisa anaomba kuirudisha nayo akaichapa, akaiweka juu yake!

Gwakisa akaitwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba, kaa. Si kweli kwamba naongea sana, na nitakueleza kwa nini."

Hiyo ilikuwa saa tatu. Sasa hivi ni saa saba, nimepita mlangoni namsikia Mzee: "Haya, tuje kwenye hoja ya kwanza."