Pilau Iliyonuka Dagaa

Jumatatu, Ujiji. Mvua imeanza alfajiri na kukatika saa tano, na uwani kumebaki matope ya kuteleza. Sijavuka geti tangu jana jioni. Muuza maji amegonga nikajifanya sipo, na ndoo zote ni tupu.

Nina aibu na nina hasira, na sijui nianze na ipi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi hununua ng'ombe wazee waliokonda, wale ambao mwenye zizi ameshawakatia tamaa, nikawanenepesha miezi mitatu kabla ya kuwauza. Naiweza kazi hii kwa sababu haihitaji chakula cha dukani. Huanza na dawa ya minyoo, maana ng'ombe mzee ukimlisha kabla ya dawa unawalisha minyoo wake. Meno yake yameshalika, kwa hiyo majani namkatakata na pumba naziloweka ziwe kama uji. Miezi miwili ya mwanzo namchanganyia na dagaa, yale mabaki yanayofagiwa kwenye maanikio ya ufukweni pale Kibirizi, ambayo ukiomba vizuri unapewa bure. Mwezi wa mwisho dagaa ni marufuku. Hapo ni maganda ya ndizi na mashudu ya mise tu, yale makapi yanayobaki wakishakamua mafuta kwenye kokwa za mchikichi. Bila huo mwezi wa kusafisha, nyama inanuka ziwa.

Ng'ombe wangu wote nawaita Bibi. Huyu wa mwisho nilimtoa Kalinzi, mbavu zinahesabika, na aliyeniuzia alikuwa anacheka. Mzee Ramadhani, jirani yangu wa nyumba ya tatu, alimchagua mapema kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alikuja akamtazama vile alivyokonda, akasema, "Mama Salma, mimi nakuamini wewe, huyu ng'ombe simjui." Hakuna mtu aliyewahi kuisifu kazi yangu namna hiyo. Watu wengine hapa mtaani huniita mnunuzi wa mizoga.

Mwezi wa kusafisha ulipoanza, mama akaugua. Yuko Mwamgongo, na Mwamgongo huendi ukarudi jioni, unapanda boti na kumwachia Mungu mambo ya nyumbani. Sikumwachia Mungu peke yake. Nilimwachia Riziki.

Riziki ni shoga yangu wa miaka kumi na tisa. Alinishika mkono siku ninamzaa Salma. Ana ufunguo wa geti langu. Na yeye alikuwa na ng'ombe wake mzee, kazi nilimfundisha mwenyewe. Nilimwachia mifuko sita ya mashudu, nikamwandikia kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi: DAGAA MWISHO. Akasoma kwa sauti, akanicheka kwamba naandika kama mwalimu wa chekechea.

Kila jioni alinipigia simu. "Bibi anakula mashudu vizuri. Wewe muuguze mama, tulia." Nami nilitulia. Nilikaa wiki tatu nikimwogesha mama, nikimlisha, tukizungumza habari za watu waliokufa zamani. Alipopata nguvu ya kukaa, alinituma nimchukulie Riziki migebuka ya kukausha, samaki wale wanono, kwa sababu, alisema, mtu wa kukushikia nyumba ni ndugu.

Nilimpelekea. Akapokea kwa mikono miwili.

Nilirudi Alhamisi na Bibi alikuwa amejaa, mgongo umelala kama kitanda. Nilifurahi hadi nikampiga picha. Hamtaamini kwamba sikusikia harufu yoyote, lakini fikirieni: nilikuwa nimelala wiki tatu hatua kumi kutoka mchanga wa kuanikia dagaa. Nguo zangu zilinuka dagaa, nywele zangu, mto wangu. Pua yangu ilikuwa imekufa. Mtu yeyote wa bara angejua akiwa getini. Mimi nilimpapasa, nikamkabidhi Ijumaa kwa Mzee Ramadhani na tabasamu langu lote.

Jumamosi alfajiri wakachinja. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano jikoni uwani, masufuria makubwa matatu juu ya mafiga. Riziki alikuwa pembeni yangu anakata vitunguu. Nyama ilipochemka, mvuke ukapanda na harufu ya ziwa. Hata pua yangu ilifufuka.

Bi Tatu, mpishi mkuu, aliinua mfuniko, akaurudisha. "Mbona nyama inanuka kama Kibirizi?"

Nilifungua mdomo nijibu. Riziki akawahi. Hakuinua kichwa kwenye vitunguu vyake.

"Na mimi najiuliza. Mama Salma, huyu ng'ombe ulimlisha nini?"

Wote wakanigeukia.

Nilinyamaza. Nimejiuliza mara mia kwa nini nilinyamaza, na jibu la kweli ni kwamba nilidhani nimekosea mimi. Kwa dakika kadhaa nilimwamini Riziki kuliko kazi ya mikono yangu. Wakatia tangawizi, wakatia ndimu, wakatia kila kilichokuwepo. Wakwe waliotoka Kasulu walikula wali na kusukumia nyama pembezoni mwa sinia. Mzee Ramadhani alinikuta nimesimama karibu na mapipa ya maji. Nilitamani anigombeze. Alisema tu, "Umechoka, Mama Salma. Nenda kapumzike." Kisha akampita Riziki, akamshukuru kwa msaada.

Hori la Bibi ni kipande cha mtumbwi wa zamani. Nilipofika nyumbani niliingiza vidole kwenye nyufa za chini, nikatoa vichwa vya dagaa, vipya kabisa, vya juzi. Nikatafuta chembe ya mashudu. Hamna.

Jana mchana nilikwenda kwa Riziki. Mifuko yangu ilikuwa mitano mitupu imekunjwa na mmoja nusu, karibu na ng'ombe wake. Naijua kwa sababu naishona midomo kwa uzi wa nyavu wa bluu. Ng'ombe wake anang'aa. Riziki alikuwa jikoni, migebuka ya mama yangu ikiwa kwenye mawese.

"Karibu ule," alisema.

"Mashudu yangu, Riziki."

"Wewe si ndiye uliyesema dagaa wananenepesha? Amenenepa, umemuuza. Unataka nini tena?"

"Niliandika ukutani. Ulisoma."

Aligeuza samaki. "Wako alikuwa na mnunuzi tayari. Wangu hakuwa na mtu. Kila mtu anataka ng'ombe wa Mama Salma. Sasa na mimi wamekuja kumwangalia wangu."

Hakulia, hakuomba radhi. Na aliposema hivyo niliona kwamba hakusahau na hakuzembea. Alijua nyama itanuka, na alijua atakuwa jikoni itakaponuka. Kumbe miaka yote hiyo nilipokuwa nafurahia kusifiwa mbele yake, yeye alikuwa anahesabu. Huenda nilijisifu sana. Nakiri. Lakini aje aniambie basi, anitukane. Si kunipigia simu kila jioni.

Leo asubuhi mama amepiga. Sauti imerudi, anadai ametembea hadi ziwani. Akauliza kama Riziki aliwapenda samaki. Nikasema aliwapenda. Akasema nimwambie Riziki kwamba Mungu ambariki, maana bila yeye nisingekaa naye zile wiki tatu.

Ni kweli, nisingekaa. Wiki zile ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kupata na mama yangu, na nilizipata kwa uongo wa Riziki.

Nimeshaamua. Kesho nitakwenda kwa Mzee Ramadhani na vile vichwa vya dagaa kwenye karatasi, nimweleze aliyevitia horini, kwa jina. Sitamsitiri. Nikitoka kwake nitapitia dukani ninunue kufuli.

Funguo zitakuja mbili. Nimekaa hapa tangu adhuhuri nikifikiria wa pili nimpe nani.