Majani ya Isale Miguuni pa Baba

Mjukuu wangu Ruthi,

Marahaba. Shikamoo yako imepanda mlima mpaka huku Meru. Sisi wazima, kahawa imechanua, na mama yako amepona mguu.

Kwa kuwa unasomea uuguzi, umeniuliza kama enzi za Wajerumani watu waliugua maradhi ya akili. Waliugua, ila hatukujua kuwa ni ugonjwa.

Baba yangu alirudi kutoka kazi ya shuruti ya kujenga boma la Wajerumani kule Arusha. Ya huko niyaache. Alirudi mzima wa viungo, lakini hakulala, chakula alikisukuma, na nyundo ikigonga kwa jirani alishtuka mpaka jasho likamtoka. Shambani haendi, neno hasemi.

Tukaamua kwamba ametukasirikia. Unaijua desturi yetu: ukiombwa msamaha kwa jani la isale, hukatai. Basi mama akampa, shangazi akampa, hata mimi nikampa. Siku moja akayatazama majani yote pale miguuni pake, akasema polepole, "Hamjanikosea. Ninaumwa, ila sijui ni wapi."

Tangu hapo tuliacha kumwomba radhi. Mama alihamishia kazi zake karibu naye, akawa anamenya ndizi kimya. Shangazi alimchukua kila asubuhi wakatembee hadi mfereji. Miezi ikapita.

Kisha mchana mmoja alionja mtori, akakunja uso. "Nani kasahau chumvi?"

Mama alicheka huku analia.

Mgonjwa wako akinyamaza, Ruthi, usitafute aliyemkosea. Kaa naye. Chumvi ataidai mwenyewe.

Ni mimi, bibi yako wa mlimani.