Gari Lisilo na Kofia kwenye Mlima wa Fizi

Mkwe wangu mpendwa,

Barua hii naituma bila bahasha. Kwetu mama mkwe hamwandikii mkwe wake barua iliyofungwa, maana watu watauliza wale wawili wana siri gani. Basi dereva yeyote wa Lulimba, huko uliko sasa, atakayeibeba na aisome, na akitaka awasomee abiria wake. Baraka nzima, mji huu wetu, imekwisha kuyasema ya kwetu inavyotaka. Leo na iyasikie kutoka kwangu mimi niliyekuwepo.

Jina lako sitaliandika, unajua sababu. Tangu ulipomposa binti yangu Sifa, jina lako lilifutika kinywani mwangu kama desturi inavyotaka. Sikutaji, sikugusi, sikutazami machoni, na hatuli mmoja mbele ya mwenzake. Mazungumzo yetu yote yamepitia ukuta wa matete, Sifa akiwa katikati. Unakumbuka siku uliyokuja kutengeneza mashine yangu ya kusaga muhogo? Wewe ulikuwa uani, mimi jikoni, na mtoto wa watu anakimbia huku na huku.

"Sifa, uliza mama mukanda ulikatika lini."

"Sifa, ambia mwenzako ulikatika jana, na asifanye kama hajue kazi."

Nilikusikia ukicheka peke yako kule nje. Nilikipenda kicheko kile, ingawa sikukuambia. Ningekuambiaje?

Halafu ukaleta lile gari.

Jekundu, milango miwili, fupi, limelala chini kama linatafuta sarafu iliyoanguka. Juu halina bati. Lina kitambaa cheusi kinachokunjwa nyuma, na watu wa sokoni hawakuchelewa kulibatiza gari lisilo na kofia. Lilikuwa limevuka ziwa kutoka Kigoma, limetumiwa na mikono ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Mpango wako ulikuwa mzuri, sikatai. Maharusi wa Baraka, wa Mboko na wa Fizi wapande wakiwa wazi, shela inapepea, kila mtu aone. Na wa kwanza angekuwa Sifa, kutoka kwangu hapa Baraka hadi parokia ya Fizi walipo wazazi wako. Pikipiki zako zote mbili ulikuwa umekwisha kumkabidhi muuzaji. Alikubali jambo moja tu: lijaribiwe, na mkilikataa lirudi zima kabla ya Jumapili, naye atakurudishia pikipiki zako.

Mimi nimefanya biashara ya muhogo wa Mboko maisha yangu yote. Muhogo mkavu haununuliwi mchana, mkwe wangu. Saa sita mchana kila muhogo ni mkavu. Unangoja asubuhi yenye umande, unauvunja, ndipo unajua. Nikamwambia Sifa akuambie kwamba hapa Baraka, kwenye joto la ziwa, hata gari bovu linaimba. Lipandishwe mlima wa Fizi msimu huu wa mvua, ukungu wa milima ya Bibokoboko unaposhuka na baridi yake yote, tuone. Na mimi nitakuwemo.

"Mama, we unatoka tu mu homa," Sifa alisema.

"Nimetoka. Si nimesimama?"

Asubuhi ile nilipitisha kiganja juu ya pua ya gari kabla hamjaliwasha. Lilikuwa la moto. Muuzaji akasema ni jua, na jua lenyewe lilikuwa bado halijatoka nyuma ya milima ya ng'ambo ya ziwa. Alikuwa ameliwasha mapema ili lisikohoe mbele yetu. Nikamtuma Sifa akuambie, ukasema kupitia kwake kwamba umesikia, na kwamba ndiyo maana tunakwenda. Sauti yako ilikuwa imepungua.

Nilikaa nyuma, kwenye kile kiti cha kuwekea mkoba, magoti yamefika kidevuni. Nilijifunika kitenge hadi machoni nisikitazame kisogo chako kilichokuwa mkono mmoja mbele yangu. Wakwe wawili ndani ya gari la ukubwa ule! Marehemu mama yangu angeshuka akatembea.

Chini kote lilikwenda vizuri, upepo mtamu, watu wanapunga mikono. Nikaanza kufikiri labda nimezeeka na wivu. Kisha tukaanza kupanda, na ukungu ukatujia kutoka kushoto, na katikati ya kona mvua ikashuka. Ulibonyeza kifungo cha kufunga paa. Kile kitambaa kikainuka, kikafika juu ya kichwa changu, kikakwama. Ukainuka kitini ukakivuta kwa mikono, kikapasuka. Ukawasha chombo cha kupasha joto, kikatupulizia hewa baridi yenye harufu ya panya.

"Sifa, ambia mwenzako nimekwisha kuona," nilisema. "Turudi."

"Sifa, ambia mama nafasi ya kugeuza iko pale mbele."

Hatukufika pale mbele. Injini ilikohoa mara chache ikanyamaza, na gari likaanza kurudi nyuma. Uliivuta breki ya mkono, ikaja yote juu, nyepesi, haina kitu. Uliweka gia, ikaruka yenyewe. Uliingiza tena, ikaruka tena. Kilichotuzuia tusiende bondeni kilikuwa mguu wako wa kulia peke yake. Sifa aliruka nje, akaokota mawe kando ya njia na kuyapachika nyuma ya magurudumu, lakini yalikuwa mawe madogo na udongo ulikuwa umelowa. Ukamwambia akimbilie nyumba zilizokuwa juu ya njia alete watu na kitu cha kunifunika. Akanitazama, akakutazama, akakimbia.

Hapo ndipo tulipobaki wawili, na hakuna mtu katikati.

Ile homa ilikuwa imeniacha bila nguvu za kushuka, na mvua ilikuwa inanipiga utosini na kuingia kifuani. Meno yalikuwa yanagongana hadi masikio yakauma. Nilitaka kukuomba koti lako, lakini koti la mkwe mwilini mwangu ni sawa na mkono wake. Niliogopa, mkwe wangu. Niliogopa sana, na bado nikasema:

"Sifa, ambia mwenzako mama anasikia baridi."

Sifa hakuwepo. Nawe, Mungu akubariki, ukamjibu.

"Sifa, ambia mama angoje kidogo. Batu banakuja."

Tukaendelea hivyo, wewe unamtuma, mimi namtuma, na yeye yuko mbali anapanda mlima kwa miguu. Halafu sikusema tena. Kutetemeka kukaniacha. Nikasikia kama joto linanijia, na usingizi, nikafikiri kumbe si vibaya hivi. Jiwe moja lilipiga kelele chini ya gurudumu, gari likashuka kidogo, likasimama. Uliniita kupitia Sifa, mara ya pili ukaniita tena, nami nikawa nakusikia lakini kujibu ni kazi.

Ukageuka. Ukanitazama usoni, jambo ambalo hukuwa umewahi kulifanya.

"Mama. Leta mikono kwa shingo yangu."

Nikatikisa kichwa. Hata pale nilitikisa kichwa.

"Mama, heshima tutaitafuta kesho. Leta mikono."

Ukaivuta mwenyewe. Mguu wako bado ulikuwa kwenye breki, mlango uko wazi, na ukanitoa kupitia juu, palipopaswa kuwa na paa. Ndiyo faida pekee niliyoiona ya gari lile. Ukanipandisha mgongoni kama mama anavyombeba mtoto, ukanifunga kwa koti lako, mikono ya koti ukaikaza kifundo kifuani mwako. Nilijua ukiinua mguu ule nini kitatokea. Wewe ulijua zaidi, maana pikipiki zako zilikuwa kwa muuzaji na gari lilipaswa kurudi zima. Ukainua mguu.

Hukugeuka kulitazama. Mimi niligeuka. Lilirudi polepole, halafu kwa haraka, likatoka njiani, likagonga ukingo kwa matako na kulala kando huku taa moja inawaka.

Njia nzima ulikuwa unaniongelesha nisilale. Ulikuwa unateleza, unapiga goti, unainuka, na mdomo haunyamazi.

"Mama, uko na bakwe bangapi?"

"Mumoja tu."

"Anaitwa nani?"

"Siwezi kutaja."

"Taja, mama. Hakuna muntu hapa."

"Siwezi."

Ukacheka kile kicheko cha siku ya mashine, ingawa ulikuwa unalia, nilihisi mgongo wako ukitikisika. "Basi utakuwa na deni yangu ya jina. Utalipa siku ingine. Usilale."

Sikulala. Tulikutana na Sifa na watu wake karibu na nyumba za kwanza. Wanawake walinichukua, wakanivua, wakaniweka karibu na moto na kuninywesha chai ya tangawizi hadi nikaanza kutetemeka upya, na bibi mmoja akasema sasa amerudi. Wanaume walibaki nje wakikutazama wewe na koti lako. Hakuna aliyesema neno zuri. Kwetu mtu aliyembeba mama mkwe wake mgongoni hana pa kuficha uso.

Ndugu zangu walikaa kikao uani kwangu. Mimi nilikuwa bado kitandani, nasikia kupitia dirishani. Kaka yangu mkubwa alisema, "Muntu anabeba mama-mukwe mu mugongo kama gunia ya muhogo! Kesho atafanya nini?" Wakasema uwe nje ya ua wangu mpaka ulete kuku mweupe wa kuondoa aibu. Kuna aliyecheka. Ulisimama nje ya ukuta wa matete, ukasema, "Minaomba pardon, bababa," ukawaomba wazee msamaha kwa sauti ndogo kama si wewe. Asubuhi ukapanda lori la Lulimba.

Tangu hapo shela ya Sifa iko kwenye sanduku na Sifa anaipita bila kuitazama. Anakula kama ndege. Juzi dereva mmoja alituletea maneno yako: huna gari, huna pikipiki, huna uso, na Sifa atafute mtu mwenye heshima. Nilikasirika hadi nikamwaga unga. Nani alikuomba umtafutie binti yangu mtu?

Sasa sikiliza. Nilipopata nguvu niliwaita ndugu zangu wote, nikawauliza kitu kimoja: mngependa mnizike na heshima yangu? Kuku mweupe ametoka kwenye banda langu mwenyewe, nimemkamata kwa mikono hii, nimempika kwa mawese. Kaka yangu mkubwa amekula firigisi yote, na mtu aliyekula firigisi hana tena kesi. Ua uko wazi. Na mezani, mbele yao, nilivaa lile koti lako. Lilikuwa limebaki kwangu. Hakuna aliyethubutu kuniambia nilivue.

Gari lako vijana wa Fizi walilivuta, liko hapa chini ya turubai. Nyuma limebonyea, kile kiti nilichokalia sasa kuku wanatagia. Fundi anasema litatengenezeka polepole, na fundi cherehani wa sokoni anasema paa atalishona kwa hema. Na wasiposema kweli, Sifa atakwenda Fizi kwenye lori la muhogo, nami nitakaa mbele.

Kwa kuwa nilipanda lile gari kulipima, nakuambia kama mnunuzi kwa mnunuzi. Paa halifungi. Joto hakuna. Breki ya mkono ni pambo, gia inaruka. Gari lile kwenye baridi halifai hata kidogo, na ukikutana na muuzaji mwambie mama wa muhogo kasema hivyo.

Kuhusu mtu aliyeliendesha, nilikuwa na swali moja moyoni tangu ulipomposa mwanangu, nalo sina tena. Nimelipata jibu nikiwa nimefungwa mgongoni kwako.

Nimebaki na deni lile la mlimani. Ndugu zangu wataisoma barua hii, na madereva, na Baraka nzima, nami nalilipa mbele yao wote. Uliniuliza nina wakwe wangapi, nikakujibu. Ukaniuliza anaitwa nani.

Anaitwa Wilondja.

Wilondja, rudi nyumbani.

Mama mkwe wako